Wiki Uliyonyamaza, Yaya Masika

Mpendwa yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Juzi munganga mmoja wa hospitali hapa Butembo alimulika koo la binti yangu Kahindo, akasema vile vinyama viwili vinavyovimba kila mara inabidi vitolewe. Amidali, alisema, jina lilelile tulilolisikia juu yako. Niliitikia vizuri, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye majani. Tangu hapo nakuwaza wewe tu.

Kule Beni, kwetu mtaa wa Beu, watu walikujua kwa sauti kabla ya kukuona. Uliuza samaki wa chumvi sokoni na mama, na ulipoita wateja hata wauza mihogo wa upande wa pili waligeuka. Lakini kila mvua zikianza koo lilikuvimba, homa ikakulaza. Vita ilikuwa imetuzunguka. Siku barabara ilipofunguka kidogo, baba alikupeleka Butembo ukakatwa amidali, mkarudi salama.

Munganga alikukataza kusema. Wiki nzima ulitutawala kwa mikono. Ulitaka uji uliopoa, ukagonga sahani kwa kijiko. Ulimwiga mama akikasirika, nikacheka, nawe ukacheka bila sauti huku umeshika koo kwa maumivu. Nilidhani ugonjwa umekwisha.

Asubuhi moja ulikuwa umekaa mlangoni. Nilikuona unameza, unameza tena, na mdomoni hamna kitu. Kisha uliinama ukatema damu kwenye mavumbi. Ulinitazama kama vile mimi ndiye niliyejua la kufanya.

Kwenye hospitali ya karibu muuguzi alikuinamisha mbele, akamwambia baba polepole, "Papa, munganga wa kupasua alikimbia na familia yake. Mumurudishe kule balimukata. Musikawiye."

Mama alibaki na wadogo. Sisi tulipata nafasi kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo la mfanyabiashara wa kahawa, wewe katikati, bakuli mapajani. Njiani kulikuwa na barieri, kizuizi cha askari. Magari yalipangana, jua likapanda, zamu yetu haifiki. Ilipofika, askari alikuuliza jina lako na unakotoka. Hukujibu.

"Huyu dada ananizarau?"

"Hapana, shefu," baba alisema. "Balimukata ndani ya koo. Haweze kusema. Damu inamutoka."

"Aseme yeye mwenyewe."

Uliinua uso ukafungua kinywa. Damu ilishuka kidevuni mpaka kwenye kitenge. Askari alirudi nyuma. Alikuwa wa rika lako. "Mupite," alisema, akauondoa mti wa barieri mwenyewe kwa mikono miwili.

Butembo walikuingiza moja kwa moja, baba akatoa damu uongezewe. Mlangoni ulinibana vidole mpaka muuguzi akatutenganisha. Baadaye munganga alitoka akakaa kando ya baba. "Nilishona pale palipokuwa panatoka," alisema. "Lakini alifika amekwisha kupoteza damu mingi. Moyo ulichoka." Baba aliendelea kubana pamba mkononi pale walipomtoa damu, hata nilipomwambia imekauka.

Barabara ilifungwa tena. Tulikuzika hukuhuku, na mama hakukuona. Tuliporudi Beni aliniuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia hukusema kitu, ulinishika mkono. Aliuliza tena kesho yake, na miaka ikapita anauliza. Hata nilipoolewa Butembo alikataa kuja. Alisema asipoliona kaburi, wewe bado uko safarini.

Yaya, ninaogopa. Mume wangu anasema sasa ni nyakati nyingine, hospitali iko karibu, tunaenda kwa miguu. Najua. Lakini usiku Kahindo akimeza mate, naamka.

Nilimpigia mama simu nikitegemea anikataze. Akasema, "Umupeleke. Mutoto haweze kuishi na homa kila mwezi. Nitakuja kukaa naye."

Amefika leo mchana, amechoka, magoti yamevimba. Kahindo alimletea maji ya kunawa. Mama aliyatazama tu, mikono mapajani, akasema, "Biira, kesho, mbele ya kwenda hospitali, unipeleke kwa Masika."

Basi tutakuja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mimi nitasimama mbali kidogo. Ana mengi ya kukuambia, yaya, na safari hii hataniuliza mimi.

Ulale kwa amani, dada yangu.

Mdogo wako,
Biira