Majani Uliyotia Kwenye Uji wa Mwanao

Katandala, Sumbawanga

Mdogo wangu Tusajigwe,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani bangi ni ya wahuni wa stendi wenye macho mekundu. Wanawatazama hao, chungu cha jikoni kwao hawakitazami.

Nakusalimu, natumaini mmeamka salama na mguu wa mama umepungua maumivu. Mimi ni mzima, ila barua yako imeniudhi. Unaandika, kama mtu anayeeleza habari za chumvi, kwamba kila asubuhi unamtilia Anyosisye majani ya bangi kwenye uji bila yeye kujua, ili alime viazi asichoke. Mwanao wa kumzaa!

Ngoja nikueleze niliyoyaona huku.

Wafipa hulima kwa matuta ya mviringo, wanayaita ntumba. Nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, ziwe mbolea. Ni kilimo cha maarifa, na miaka yote ya ubwana shamba wangu sijaona cha kukizidi. Siku ya shamba la kijiji hupikwa pombe ya ulezi. Mwezi uliopita nilimkuta mama mmoja mtu mzima, rozari shingoni, akikorogea majani ya bangi kwenye mtungi.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Dawa ya jembe, Bwana Shamba. Ukinywa hii, jua hulisikii."

"Na jembe likikukata, utalisikia?"

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Bwana Shamba anaogopa majani! Si ndiyo kazi yake?"

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia nisiharibu siku ya watu. Kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Kristofa, mwana wa yule mama, mtu mwenye mke na watoto, alilima kama aliyepagawa huku wakimpigia makofi. Jembe likamkata mguu. Hakusimama. Aliendelea kufukia nyasi pamoja na damu yake, anacheka, udenda unamtoka, na mama yake anapiga vigelegele: "Huyo ndiye mwanamume!" Mimi ndiye niliyemnyang'anya jembe.

Mguu umepona, kichwa hakijapona. Asipoyapata majani hali wala halimi. Akiyapata, anadai mkewe ametia sumu kwenye maji. Juzi mama yake alinijia kuomba dawa. Nilimuuliza ni dawa gani anayoitaka kwangu, akainamisha kichwa: "Nilitaka alime tu, Bwana Shamba."

Maneno hayo hayo yamo kwenye barua yako.

Elewa hili, mdogo wangu. Majani hayaongezi nguvu hata chembe. Yanamziba mtu asisikie mwili wake unaposema umechoka, naye anautumia mpaka unaharibika. Wengine huharibika akili kwanza. Unasema Anyosisye ameanza kuongea peke yake shambani, na wewe unaita uchovu. Si uchovu, Tusajigwe. Ni uji wako.

Msalimie mama. Msalimie mke wa Anyosisye, ambaye ndiye atakayemuuguza ukichelewa. Shemeji, mumeo, naye mwambie salamu zake nimezizuia, maana umeandika kwamba alijua akanyamaza.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mwite Anyosisye umwambie kwa kinywa chako ulichokuwa unamtilia.

Kaka yako,
Gwamaka