Pingamizi Dhidi ya Mama Zaina

Jumatatu, 16 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Chai, mafaili, chai tena. Siku hizi barua za ofisini zinaniita Wakili wa Serikali. Sheria ilibadilika, sisi wanasheria wa halmashauri tukawekwa chini ya Mwanasheria Mkuu. Najisikia mkubwa, sikatai.

Asubuhi nimemwamkia jirani yangu Mama Zaina. Marahaba, kisha salamu yake ya Kishambaa ya kila asubuhi, juu ya ua: "Onga makeo, mwanangu." Kanipa fungu la liki, mboga za shambani kwake. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipolazwa.

Jumatano, 18 Juni
Faili jipya mezani. Mdai: Mama Zaina. Mdaiwa: halmashauri. Tunataka kupanua stendi mpaka kwenye shamba lake la mboga kule bondeni. Anaomba Baraza la Ardhi lituzuie.

Kosa nimeliona ukurasa wa kwanza. Hakumuunganisha Mwanasheria Mkuu. Sasa hivi ukitaka kuishtaki halmashauri lazima umuunganishe na yeye, utoe notisi kwanza, tena uende Mahakama Kuu, Tanga. Nani huku anajua hayo? Aliyemkosea ni halmashauri, basi kaishtaki halmashauri. Karatasi kachapishiwa dukani, pale sokoni.

Jumapili, 22 Juni
Amekuja na karatasi zake kwenye pindo la kanga. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nitazamie kama ziko sawa."

Siruhusiwi kumshauri mtu anayeishtaki ofisi yangu. Kweli kabisa. Lakini kusema "Mama, tafuta wakili" hakuna sheria inayokataza. Nilimwogopa mkurugenzi wetu. Nikasema, "Baraza litaangalia, mama."

Kashukuru. Kashukuru!

Alhamisi, 26 Juni
Nilipoinuka mbele ya baraza, Mama Zaina alitabasamu. Alidhani nasimama kumsemea.

Pingamizi la awali: Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa, na hapa si mahali pake. Dakika chache tu. Mwenyekiti kalikubali, shauri limeondolewa. Habari ya shamba haikuulizwa hata kidogo. Yeye kabaki amekaa, anangoja aitwe aeleze. Karani ndiye aliyemwambia yameisha.

Mkurugenzi kapiga simu. Safi sana, wakili. Nimetokea mlango wa nyuma. Aibu mpaka masikio yanawaka.

Ijumaa, 27 Juni
Greda limeingia bondeni asubuhi. Karoti zilikuwa bado changa.

Jioni nikasema liwalo na liwe, naenda kumweleza habari ya Tanga. Nimefika mlangoni kwake, nikasikia anakohoa ndani. Nikarudi. Mwoga mkubwa mimi. Na hiyo Tanga ningemwambia ya nini sasa? Shamba limeshakuwa kifusi. Maneno yangu yalikuwa na kazi Jumapili.

Jumatatu, 30 Juni
Ukungu. Baridi ya kung'ata.

Mama Zaina alikuwa anafagia uwanja wake. Nimesimama kwenye ua, nangoja anigeukie nimwamkie. Kaniwahi. Kaweka fagio chini, kainama kidogo, vile watu wanavyofanya wakiingia ofisini kwetu. Kishambaa hakuna.

"Shikamoo, wakili."

Mtu wa rika la mama yangu. Sijui ni hasira, sijui ni woga. Mimi nimezoea, kila siku ofisini naamkiwa, na mdomo ukanitangulia.

Nimeitikia marahaba.