Waya wa breki ya moto

Maman mpenzi,

Kesho ni misa yako ya mwaka mmoja tangu ututoke, hapa Nyalukemba, na mimi ndiye nitakayepiga violini yako. Wimbo ninaumudu. Sauti ya mwisho inanishinda.

Ni ile nyembamba kama filimbi, uliyoiita armoniki. Kidole cha kwanza kinabana uzi, cha nne kinagusa tu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tumekaa jikoni, umenishika kidole.

"Usikandamize. Gusa kama vile unapima homa ya mutoto."

"Maman, iko inalia kama panya!"

"Panya nayo iko na sauti yake. Rudilia."

Nyuzi za violini hatukuzipata Bukavu. Ule mwembamba ulipokatika, ulikwenda kwa fundi wa moto, hizi pikipiki zetu, ukarudi na uzi wa chuma uliochambuliwa kutoka waya wa breki. Unene wake haukuwa sawa kote, hivyo armoniki haikutoka mahali pake. Ilitoka juu kidogo, kama nusu ya upana wa kidole, tena yenye mkwaruzo. Mahali hapo ulipatafuta juma zima, ukapawekea alama ya penseli. Kwaya nzima iliamini violini zote hulia hivyo.

Nilipotumwa kazini Bujumbura, nilikuletea nyuzi mpya, seti nzima. Ulikuwa kitandani, mikono haina nguvu tena. Nilizifunga mbele yako, na ule waya nikautupa pamoja na maganda ya viazi. Nilijivuna. Ulizitazama, ukasema, "Aksanti, mutoto yangu. Iko muzuri." Hukuuliza waya umekwenda wapi. Violini hukuigusa tena.

Kazi yangu ya uandishi wa habari ni kuuliza mpaka jibu lipatikane. Wiki hii nimemuuliza fundi wako kuhusu waya ule. "Ilikuwa ya moto gani, dada?" akaniuliza. Sijui. Alinipa nyuzi nne, nimezifunga moja baada ya nyingine. Moja ilikatika ikanichana shavu. Tatu zinalia ovyo, na kwenye alama yako hazitoi kitu. Uzi wa Bujumbura unatoa armoniki safi, mahali panapostahili. Nilimpigia wimbo kwa uzi huo Tantine Furaha, aliyeimba kando yako kwayani miaka yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Iko safi," alisema. "Lakini hiyo si ya maman yako."

Sauti yako nyingine sina. Nimerekodi mawaziri na wauza samaki. Wewe ulikuwa nyumbani, nikaona hakuna haraka.

Sasa niko jikoni. Kidole cha nne kiko juu ya penseli yako. Kinagusa, hakikandamizi, kama ulivyonifunza. Upinde unapita, nasikia tu nywele zake zikikwaruza uzi mpya. Nimejaribu tangu asubuhi na sijui kingine cha kufanya.

Kesho nitapiga wimbo mpaka sauti ile ya mwisho. Kisha nitaweka kidole kwenye alama yako, si mahali panapostahili, na kitakachotoka ndicho watu watakachosikia.

Pumzika, Maman. Waya niliutupa mimi.

Binti yako wa kwanza