Mzee Goti Atunzwa Scarborough

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi kutoka kazini saa kumi. Theluji. Basi limechelewa, kama kawaida. Chai, mkate, vipokea sauti vya masikioni, kisha pambano. Ndiyo ratiba yangu, wala sioni sababu ya kuirekebisha.

Leo nimemtazama tena Mzee Goti. Jina lake halisi limeandikwa Kijapani kwenye kasha la kanda, nami siwezi kulisoma. Hili la Mzee Goti nimempa mimi mwenyewe kwa sababu ya bandeji ya goti lake la kushoto. Kanda zake za mieleka nilizikuta miaka mingi iliyopita katika chumba cha kufulia cha jengo letu, ndani ya boksi lililoachwa kwa yeyote atakayezipenda. Nilizipenda.

Mtu mwenye umri wa kuitwa babu anachapwa kofi la kifua linalosikika hadi viti vya nyuma. Anavuta pumzi. Anasogeza kifua mbele. Anasubiri lingine. Hafoki, hatishii mtu. Sielewi neno hata moja la mtangazaji, na bado sijawahi kupotea katikati ya pambano.

Mama Nakiete, mke wangu, amepita na kapu la nguo. "Huyo babu bado hajafa tu?" Akaenda zake.

Nina furaha. Lakini ni furaha ya mtu mmoja, na jambo hilo limeanza kunikera.

Jumatano, 5 Februari

Nimeandika barua kwa kamati ya jumuiya yetu ya Watanzania wa hapa Scarborough.

"YAH: OMBI LA KUTUMIA UKUMBI NA TELEVISHENI KUBWA KWA AJILI YA MIELEKA YA KIJAPANI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Aya nne. Neno "burudani" nimeliondoa, mahali pake nimeweka "mafunzo ya ustahimilivu". Imesimama barabara. Mimi niliishia darasa la saba. Barua hii haisemi hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao cha kamati. Mhazini ni Mchaga, watu wanaosemwa kwa kupenda fedha; sote tunamwita Mangi. Mimi ni Mpare, watu tunaosemwa kwa kupenda kesi. Kwa hiyo ni mtani wangu, na ana haki ya kunisema mbele za watu bila mimi kununa. Ameitumia haki hiyo yote.

"Jamani, Mpare amekosa wa kumpeleka mahakamani! Sasa anatuletea watu wanaopigana bila kushtakiana!"

Ukumbi umeangua kicheko. Nimesimama, nikafunga kifungo cha koti. "Ndugu Mwenyekiti, mhazini anasumbuliwa na jambo moja tu. Kiingilio hakuna, ndiyo maana haoni maana ya shughuli." Wamecheka zaidi. Mangi amecheka kuliko wote.

Uamuzi: nimepewa Jumapili moja ya majaribio, tarehe 16. Watu wakianza kuondoka kabla pambano halijaisha, Jumapili zote zinabaki za mpira wa Uingereza, nami nirudi na vipokea sauti vyangu chumbani.

Nimekubali masharti. Lakini Mangi ametamka pia kwamba mambo haya ni maigizo. Hilo halikuwa utani. Limenichoma. Wekundu wa kifua kile hauigizwi.

Jumanne, 11 Februari

Nina hofu. Naandika bila kuipamba.

Pambano lipi? Yapo mengi ambayo Mzee Goti anashinda. Yanapendeza, yanakwisha upesi. Lakini lililo bora ni lile anapokutana na kijana bingwa, na mle anashindwa. Ni refu. Mwanzo wake ni wa polepole mno: wanashikana mikono, wanaachiana, wanazungukana. Watazamaji wa Kijapani wametulia kama wako kanisani. Watu wetu je, watatulia?

Nimechagua hilo. Kuwaonyesha watu kitu cha pili kwa ubora ni kuwadharau.

Ninaandaa na risala. Mama Nakiete ameuliza, "Risala ya kumsomea televisheni?" Nimemjibu kwamba shughuli isiyo na risala ni kijiwe. Amesema atakuja, ila kwa sababu tu amepangiwa kupika maandazi.

Ijumaa, 14 Februari

Nimejaribu kanda mara mbili. Inafanya kazi. Nimeirudisha mwanzo.

Jumapili, 16 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Walikuja wengi. Baridi ilikuwa kali na maandazi yalikuwa ya moto. Sijidanganyi juu ya sababu. Nikasoma risala. Ukurasa wa pili Mangi akapaza sauti kutoka nyuma: "Mpare, tuhurumie! Mjapani mwenyewe amezeeka akisubiri!" Nikafupisha. Sijawahi kufupisha risala maishani mwangu.

Pambano likaanza. Miguno. Mmoja akauliza kama ni dansi. Nilikaa pembeni nikitazama viti, si ulingo.

Kisha kijana akaligundua goti. Akalipiga teke. Akalipiga tena. Mzee Goti akaenda chini, akashika kamba, akainuka. Miguno ikakoma. Kofi la kwanza la kifua likalia, na mama mmoja akasema, "Uwiii!" Mzee akavuta pumzi, akasogeza kifua mbele.

"Anataka lingine?" Sauti ya Mangi. "Huyu mzee ana wazimu?"

Mzee akapigwa lingine. Akasimama. Mzee naye akarudisha moja, kijana akapepesuka, ukumbi ukapiga kelele.

Karibu na mwisho, kijana alimbeba mzee juu, akambwaga kwa shingo. Mwamuzi akahesabu moja, mbili. Mzee akanyanyua bega kabla ya tatu, akaokoka. Akabwagwa tena. Akanyanyua tena, safari hii polepole sana.

Hapo ndipo Mama Nakiete alipoinuka.

Niliona akichukua mkoba wake. Nikaona na akina mama wawili wa kando yake wanainuka. Nilijua yamekwisha. Na wa kwanza kuniangusha ni mke wangu, mbele ya Mangi. Sikukasirika. Nilihuzunika tu.

Hakwenda mlangoni. Alitoa noti, akaipunga juu, akaanza kucheza taratibu kuelekea mbele, mabega yakienda kama yuko harusini. Akina mama wakamfuata kwa mstari. Vigelegele. Akafika kwenye televisheni, akamfuta Mzee Goti jasho usoni kwa khanga, kwenye kioo, kisha akaichomeka ile noti kwenye fremu.

Alikuwa anamtunza! Walikuwa wanamtunza wote. Hakuna mwimbaji wala bwana harusi aliyetunzwa kwa moyo namna ile, na mwenyewe yuko chali akihesabiwa.

Moja, mbili, tatu. Ameshindwa. Kijana akamwinamia hadi kiunoni.

"Hapana!" Mangi alikuwa amesimama juu ya kiti, mhazini mzima. "Bega lilinyanyuka! Mwamuzi kipofu! Mpare, uko wapi? Kalamu unayo? Andika rufaa!"

Nikamkumbusha kwamba ni maigizo.

"Andika, bwana, acha maneno!"

Hakuna aliyeondoka. Mwenyekiti ametamka kwamba Jumapili ijayo ni yangu pia. Mangi amezikusanya noti na kutangaza kuwa ni za maandazi. Nimecheka njia nzima ndani ya basi. Watu wamenitazama. Watazame.

Jumatatu, 17 Februari

Sikukuu ya familia ya huku. Hakuna kazi. Theluji imetulia kwenye balkoni.

Asubuhi nimeanza rufaa ya Mangi. "YAH: BEGA LA MZEE GOTI." Sijui nitaituma kwa nani. Kijana yule mwenyewe sasa ni mzee. Nimeiandika vizuri hata hivyo.

Baadaye chai, mkate, vipokea sauti. Nimeweka kanda nyingine.

Mama Nakiete ameingia bila kapu. Amevuta kiti. Amechomoa waya wa vipokea sauti, na sauti za ukumbi ule wa Japani zikajaa chumba kizima.

Kofi lilipolia, alijishika kifua.