Mfereji Ndani ya Shavu

Mjukuu wangu Paskalina,

Barua yako imenikuta hapa Qurus tukipukuchua mahindi. Sote wazima. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Unasema huko chuo cha uuguzi unaogopa kuuliza maswali, wenzako wasije wakakucheka. Mimi walinicheka.

Miaka ya sabini, nikiwa sekondari, mwalimu wa biolojia alinikwangua ndani ya shavu kwa kijiti, akapaka kwenye kioo, akaniambia nitazame kwa hadubini. Niliona vyumba vidogo vimebanana, kila kimoja na kiini chake. Akasema hizo ni seli, na zinazofanana zikiungana kufanya kazi moja huitwa tishu. Mimi niliona majaruba ya vitunguu ya baba, yale yanayonyweshwa kwa mfereji. Basi nikazichora, na katikati nikapitisha mfereji.

"Mfereji huu umeuona?" mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Lakini bila mfereji zitakunywaje maji?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema mishipa ya damu ipo, ila iko chini ya tishu ile, na seli za juu hufyonza kinachopenya kutoka huko. Kisha akachukua kifutio, akaufuta mfereji wangu. Swali langu akaliandika ubaoni, na wote walionicheka wakalinakili.

Ni mimi bibi yako,
Martina