Msamaha Ambao Mzee Rajabu Hakuuomba

Alhamisi, Muyinga. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia mifupani.

Nimeamka na kichwa kizito. Chai niliyoagiza hapa nyumba ya wageni imepoa mbele yangu bila kuguswa. Jana nilimtoa mteja wangu gerezani. Wakili mwingine angekuwa anapokea pongezi. Mimi sina furaha hata chembe.

Acha niandike, labda nitajielewa.

Mteja wangu anaitwa Mzee Rajabu. Alikuwa muuza nyama hapa Muyinga, katika mtaa wa Waswahili. Miaka ile ya tisini, Burundi ilipoingia kwenye mauaji, jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliuawa mchana kweupe nyumbani kwake. Mdogo wa marehemu alisema alimwona Rajabu mlangoni akizungumza na wauaji.

Ni kweli alizungumza nao. Alikuwa anawadanganya kwamba mke wa mwalimu ameshakimbilia Tanzania. Mama huyo, Domitila, alikuwa amejificha chumba cha ndani nyumbani kwa Rajabu, anamnyonyesha mwanawe Deo ili asilie.

Haya yote Rajabu aliyasema mahakamani. Hakimu akamwuliza, huyo mama yuko wapi? Wakati huo Domitila alikuwa amevuka mpaka kweli, na hakuna aliyetumwa kumtafuta. Rajabu hakuwa na wakili. Kesi za mauaji zilipoanza kusikilizwa, mawakili wa nchi nzima wangeenea kwenye chumba kimoja, karibu wote wakiwa Bujumbura, na wapo walioogopa hata kuonekana na watuhumiwa wa namna ile. Faili lilikuwa la Kifaransa, lugha asiyoijua. Akahukumiwa kifo, na watu wakaenda kula chakula cha mchana. Baadaye nchi ilipofuta adhabu hiyo, kifo chake kikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Mkewe alifariki yeye akiwa ndani. Hakuruhusiwa kumzika.

Nimekuwa wakili kwa sababu ya babu. Miaka ya kwanza ya uhuru alikuwa karani wa mahakama Gitega. Alikuwa akitusimulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikozaliwa sisi wajukuu, jinsi Wabelgiji walivyoondoka na kuacha vitabu vya sheria ambavyo wachache sana waliweza kuvisoma. Mahakimu wenyeji walikuwa wa kuhesabika, vijana bado, wanajifunza kazi huku wanaifanya. Kesi za mashamba ziliendelea kuamuliwa kule vilimani, Itaba, Ryansoro, na wazee wa baraza, bashingantahe. Babu alisema mambo yalikuwa yanaanza kukaa sawa. Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, waliosoma wakachukuliwa maofisini mwao, na yeye akatembea kwa miguu hadi Tanzania. Wenzake aliokaa nao meza moja hakuwaona tena.

Nilidhani nikirudi na shahada nitaziba pengo. Pengo ni kubwa kuliko mimi.

Nilimpata Domitila miaka miwili iliyopita. Alikuwa amerudi Muyinga zamani, Rajabu ameshahukumiwa. Shemeji yake, yule yule aliyetoa ushahidi, alimpokea, akamjengea, akamlea Deo na kumsomesha kama mtoto wake. Domitila alikuwa anakula mkate wa mtu huyo, na alinyamaza. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Aliponiona alilia, akanieleza yote, akatia sahihi maelezo yake. Aliniomba kitu kimoja tu, shemeji asijue mpaka siku ya kesi. Tukaomba kesi ifunguliwe upya. Tulikuwa tunasubiri tarehe.

Badala ya tarehe ukaja msamaha wa rais kwa wafungwa wazee. Jina la Rajabu lilikuwemo.

Jana asubuhi nilimkuta Gitega, ndani ya ua wa gereza, amekaa juu ya kifurushi chake. Wenzake walikuwa wanaimba. Yeye hakutaka kuinuka.

"Maître," akaniambia, maana wafungwa wote huko hutuita hivyo sisi mawakili, "mi sikuomba msamaha. Msamaha iko ya mtu mwenye alikosa."

Nikamwambia kesi yetu bado ipo, aendelee kuidai akiwa nje. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwongo. Sote wawili tulijua faili la mtu aliye huru huwekwa wapi. Mlinzi mmoja, kijana mpole, alimshika mkono akamwambia, "Muze, kitanda chako kimeshapewa mtu." Ndipo akasimama.

Njiani tulipita Karuzi. Mimi naendesha, yeye anatazama migomba na mvua. Tulipokaribia Muyinga akaomba tusiende kwake kwanza. Alitaka kumsalimu Mama Deo.

Nilipaswa kukataa. Sikukataa.

Mlango ulifunguliwa na Deo mwenyewe, mwanamume mzima sasa, ana ndevu, fundi wa umeme. Hakumjua mgeni. Domitila akatoka jikoni akijifuta mikono, akamwona, akasimama. Kisha akaja akamshika Rajabu mikono yote miwili.

"Umetoka, Baba Zuhura. Imana ishimwe, Mungu asifiwe."

"Nimetoka, Mama Deo. Lakini juge wa kortini bado hajanisikia. We utakuja kusema?"

Domitila alimtazama mwanawe, kisha akatazama nyumba ya shemeji yake upande wa pili wa ua, mlango uko wazi na redio inasikika.

"Umekwisha toka," akasema kwa sauti ya chini. "Si basi tuyaache?"

Deo akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

"Ni jirani yetu wa zamani," akasema Domitila.

"Ndiyo," akasema Rajabu. "Jirani."

Tukarudi garini. Rajabu akaiweka mikono yake katikati ya magoti.

Kwake tulimkuta Zuhura, bintiye wa pekee. Amefanana naye sana, yale macho. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamempikia pilau. Mzee mmoja akasimama akamshukuru Mungu na serikali kwa kumsamehe ndugu yetu kosa lake. Wote wakaitikia amina. Rajabu alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, akanawa mikono.

Zuhura alikuwa amesimama nyuma yao. Huyu amekua akiitwa mtoto wa muuaji, shuleni na sokoni. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu hiyo. Nilimwona anauma mdomo.

Jua lilipokuwa linashuka na watu wamepungua, Deo akaja.

Aliingia na viatu mkononi, akakaa ukingoni mwa mkeka. Alikuwa amelia, haikufichika. Alisema mama yake amemwambia yote baada ya sisi kuondoka.

"Nimekuja kukuamkia, muzee. Sikujua. Nimekuchukia tangu nipate akili."

"Haukujua," akasema Rajabu.

Kisha Deo akasema lililomleta. Baba mdogo ana ugonjwa wa moyo. Ndiye aliyemlea. Mpaka leo anaamini alichosema mahakamani, na akisikia mbele ya watu kwamba alimfunga mtu aliyemwokoa mama, atakufa, au watoto wake watatoka wamdhuru mama. "Naomba msimwite mama kortini. Mimi nitakuja hapa kila Ijumaa, nitakuwa mtoto wako. Lakini mama mumwache."

Nilitaka kuongea. Nilitaka kumwambia kwamba sheria haifungi macho ili familia ipate usingizi, kwamba maelezo ya mama yake yana sahihi na yako mahakamani tayari. Rajabu akaninyamazisha kwa kuinua kidole.

Kisha akamwambia Deo aende nyumbani, mvua inakuja. Deo alipotoka, akanigeukia.

"Maître, ile karatasi ya Mama Deo, uiondoe kortini."

"Mzee, bila hiyo hatuna kitu."

"Najua." Akajifunga blanketi vizuri. "Mi nilimuficha ili aishi. Sasa nimutoe mbele ya watu, uzee huu? Itakuwa nilimuficha bure."

Niliwaza babu angesema nini. Babu aliamini mahakama ni mahali ambapo neno la kweli likisemwa linaandikwa, na likiandikwa linabaki. Sikumbuki alinifundisha la kufanya pale mwenye neno anapolimeza kwa hiari yake.

Zuhura alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliliweka sinia chini taratibu, akatoka nje bila kumtazama baba yake. Nilimfuata. Alikuwa amesimama uani penye giza la machweo, mvua inaanza kumdondokea kwenye kitenge.

"Yeye amemwokoa Mama Deo mara mbili," akasema. "Mimi nami nani ataniokoa, dada? Kesho nitaenda sokoni niwaambie watu nini?"

Nilimshika bega. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo.

Mzee ni mteja wangu, na neno lake ni amri kwangu. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo. Zuhura si mteja wa mtu yeyote. Hayumo kwenye faili, hakuna hakimu atakayemwita, na kifungo chake hakina msamaha.

Jumatatu nitaingia mahakamani na ombi la kuyaondoa maelezo ya Domitila. Nimeshaliandika, liko kwenye mkoba. Ninachojiuliza asubuhi hii, na mvua hii, ni kama nitaweza kunyoosha mkono na kumkabidhi karani.