Kofia ya Mikono Miwili

Mama,

Sehemu ya kuulizana hali nimeiruka, maana sijui huko mnajibuje. Sisi wazima. Salim yuko vilevile Agincourt, upande wa pili wa jiji hili la ugenini, na mkewe na wale wajukuu zako, ambao bado ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Mimi nimebaki Mount Dennis, ghorofa ileile ya tisa. Kiti chako kiko dirishani karibu na kipasha joto, na bati lako la biskuti lenye sindano na nyuzi liko chini yake. Sijalisogeza. Nikifagia, nalizunguka.

Ndani ya bati imo kofia ya Salim. Ulipolazwa hospitali ulikuwa umemaliza kipande cha juu, na cha pembeni umefika nusu, vitobo vimezungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kwenye ua la tano. Baada ya hapo ni mistari ya penseli tu, na sindano imechomekwa palepale.

Tangu tukuzike Salim ameiulizia mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Dada, tuipeleke Pemba kwa Mama Mdogo aimalize. Mkono wake na wa Mama haipishani." Ni kweli. Angeimaliza yeye, hakuna ambaye angejua ulipoachia. Mimi unanijua. Nilipokuwa mdogo ulinipa kipande nishone pamoja nawe, nikajitahidi, kisha nikienda zangu madrasa unakifumua chote na kukishona upya. Nikirudi nakuta mishono yangu imenyooka, nami najiona fundi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipogundua, nikakununia wiki nzima.

Basi nikamwambia Salim nitaituma nikirudi safari. Ndiyo, nilisafiri. Unamkumbuka Rosa, mwenzangu wa kazini kwenye nyumba ya wazee, yule Mperu? Siku ya msiba wako alikuja na sufuria la wali, akakaa jikoni na wanawake kutwa nzima bila kuelewa neno. Alikuwa anakwenda kwao likizo, akasema nimfuate, nimekonda mno. Kwao ni milimani, juu ya Cusco. Siku mbili za kwanza kichwa kilinigonga, nikawa nalala na kunywa chai ya majani yao. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, akanipeleka sokoni.

Ungelipenda soko lile. Wanawake wameketi chini, wametandika shali, mikanda na mifuko waliyofuma wenyewe, na hata anayepita njia anasokota uzi huku anaongea. Kila mmoja ana kofia kichwani. Rosa akaniambia wenyeji wakiiona kofia wanajua mtu katoka kijiji gani. Nikacheka, nikakuona siku ya Idi ukichungulia wanaume wakitoka msikitini: "Ile ya Lamu, ile ya kwetu, ile ya mashine." Na kwenye ya mashine ulikuwa ukibenua mdomo.

Nikaiona kofia moja ya sufu, yenye masikio mawili na kamba za kufungia kidevuni, imezungukwa na ndege wadogo wekundu. Nikaitaka palepale. Na hapo nikafanya kama ulivyonifunza. Sikuisifu. Nikaulizia kwanza mkanda nisio na haja nao. Kisha nikaishika kofia kwa ncha za vidole, kana kwamba nimeiokota, nikaigeuza ndani nje, nikatafuta kosa. Kosa lilikuwepo. Nusu ya chini imefumwa kwa kubana, ndege wote sawasawa. Kuanzia katikati uzi umelegea, ndege wamenenepa, na mmoja hana mguu. Nikamwambia Rosa, "Mwambie hii ni ya mikono miwili, na wa pili hajui kazi. Apunguze bei."

Rosa alinitazama kidogo, lakini akasema. Mwenye kofia, mtu wa umri wangu, akajibu taratibu wala hakukasirika. Rosa akanifasiria: nusu ya chini alifuma mama yake, akafariki wakati wa kuvuna viazi. Ya juu kaimalizia yeye. Anasema umeona sawa, hajui kazi.

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nikasema naichukua kwa bei yoyote atakayo. Akatikisa kichwa, akaikunja, akaitia ndani ya shali yake, akanipa nyingine. Rosa akasema asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza kuitoa, hakuwa na hakika kama aiuze, na sasa ameshaamua. Nikanunua hiyo nyingine kwa bei aliyoitaja. Ndiyo ninayoivaa nikisubiri basi Weston Road. Ina joto. Lakini ninayoiwaza ni ile.

Njiani kurudi nililia. Siku ya kukuzika sikulia hivyo, nilikuwa nahangaika na wageni na vyombo. Nililia kwa aibu na kwa kukukumbuka wewe, vyote pamoja. Maana nilijua kwa nini nataka kuituma kofia Pemba. Nilikuwa naona haya mishono yangu ikae karibu na yako.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti chako kwa mara ya kwanza. Nikavaa subana yako ya chuma, inanipwaya kidoleni. Nikaichomoa sindano pale ulipoiacha, nikaanza. Vitobo vitatu, saa mbili nzima. Kimoja kimekaa kama jicho la mtu mwenye usingizi.

Kesho yake, Jumapili mchana, Salim alikuja. Akakichukua kipande, akakigeuza ndani nje kama wewe. "Dada, hapa mkono umebadilika." Nikamwambia ndiyo. Akakizungusha kichwani, nusu maua, nusu penseli, akaenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Alikawia huko. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na Pemba hakuitaja tena.

Sasa nikuache, Mama. Mungu akulaze pema. Nakuahidi Idi hii Salim atatoka msikitini nayo kichwani, na anayejua kofia ataona ulipoishia wewe na nilipoanzia mimi. Nitashona kila siku nikitoka kazini, na kitakachopinda kitabaki kimepinda.

Jambo moja sikumwambia Salim. Jumapili ile asubuhi, kabla hajafika, nililifungua bati kutazama. Mishono yangu ilikuwa vilevile kama nilivyoiacha. Hakuna aliyeifumua.

Mwanao,
Zuhura